Vinega, Soda na Godoro la Mama

Jumamosi, Voi. Saa mbili na nusu asubuhi.

Upepo umeamka kabla yangu leo. Nimefagia mara mbili na vumbi jekundu bado linaingia chini ya mlango. Chai nimeinywa nusu nikiwa nimesimama, nusu nyingine imepoa juu ya meza ya cherehani. Kuna gauni la mteja limekaa hapo bila mkono mmoja tangu Alhamisi na sidhani nitaligusa leo.

Leo Mghoi analeta Mama.

Mghoi ni mdogo wangu, tumbo moja, ameolewa Makwasinyi huko chini ya mlima Kasigau. Mama amekaa kwake miezi minane. Kabla ya hapo alikuwa kwangu, hapa Voi, mwaka mzima na zaidi, tangu kiharusi kilipomlemaza upande wa kushoto. Jumatano Mghoi alinipigia simu, akaongea kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Jumamosi nakuja na Mama. Nataka kuona kama kwako panakalika." Akakata kabla sijauliza hali ya watoto.

Basi ndivyo ilivyo. Akiingia akasikia harufu, anageuka na Mama wanarudi pamoja. Asiposikia, Mama anabaki. Siku yangu yote iko kwenye pua ya mdogo wangu.

Niandike ukweli, maana nikiuficha hata hapa sitakuwa na pa kuusemea tena. Siku Mghoi alipomchukua Mama ilikuwa Ijumaa, siku ya maji. Kwetu maji hutoka mara mbili kwa wiki, kwa hivyo plot nzima, wapangaji wote, ilikuwa uani na mitungi. Mghoi alikuja bila kutoa habari, akaingia chumba cha Mama, akatoka na shuka mkononi. Akasema mbele ya watu wote, "Mama ananuka mkojo. Wakio, wewe huoni hata haya?"

Aliniita jina tupu, mimi niliyembeba mgongoni. Majirani wakainama kwenye mitungi yao kama waliopoteza kitu humo ndani. Jioni ile ile akaondoka na Mama kwa gari la kukodi. Tangu hapo tumezungumza habari za dawa tu, na za tarehe za kliniki.

Nilimchukia. Nimeandika neno hilo na silifuti.

Na Mama alikuwa ananuka.

Sikuwa nasikia. Pua huzoea, hilo ndilo jambo linalonitisha mpaka leo. Nilikuwa nafua mashuka kila siku, mikono ikachubuka kwa sabuni, nikaamini nimemaliza kazi. Shida haikuwa mashuka. Shida ilikuwa godoro.

Plot yetu ina nyumba sita na kamba mbili za nguo. Godoro likitoka nje kila mtu anajua limetokea nini, na mimi sina mtoto mdogo wa kusingizia. Saru wangu yuko bweni, kidato cha tatu. Baba yake ni dereva wa lori, wiki tatu yuko njiani, wiki moja nyumbani. Nani mwingine? Nilijiambia namlinda Mama. Mama aliongoza kina mama wa kanisa miaka mingi, alifunga kilemba kikasimama, leo nianike mkojo wake mbele ya watu? Kwa hivyo nilikuwa nalisimamisha godoro chumbani, dirisha wazi nusu, pazia limeshushwa. Jua la Voi linakausha mahindi kwa siku moja, na mimi nakausha godoro kivulini.

Mficha uchi hazai. Nilimfundisha Saru methali hiyo mwenyewe, na maana yake nikamweleza vizuri kabisa.

Saa tano kasorobo.

Hawajafika. Nimepiga simu mara moja, haikupokelewa. Huko kwao mtandao ni wa kubahatisha.

Niandike ya wiki hii angalau mikono itulie.

Jumatano baada ya simu nilitafuta kwenye mtandao jinsi ya kutoa harufu ya mkojo kwenye godoro. Akatokea mama mmoja kwenye video, jikoni kwake kweupe hata kijiko hakionekani, anamwaga vinega juu ya soda, povu linapanda, anacheka. Povu lile lilinifurahisha mno. Nilisema, hiki ndicho nilichokikosa mwaka mzima.

Sikuwa na hiyo soda ya kuokea. Nilikuwa na magadi, yale ya kulainishia maharagwe. Nikasema soda ni soda. Nikaponda bonge zima kwenye kinu, nikanyunyiza, nikamwagia vinega. Likatoka povu, ndiyo, na lilipokauka likaacha madoa ya rangi ya chai kutoka kichwani mpaka kiunoni. Nililia kidogo hapo. Halafu nikaona aibu kulilia madoa ya magadi nikiwa mtu mzima.

Alhamisi nikaenda dukani kununua soda yenyewe. Mama mwenye duka ni wa Mombasa, nikamwomba vinega chupa mbili, akauliza, "Siki hii yote, una karamu?" Nikasema nina wageni. Nyumbani nikachanganya soda na vinega kwenye chupa ya plastiki ya lita moja, nikafunga kifuniko nikakaza, nikaanza kutikisa ili vishikane.

Mwenye akili zake ameshajua kilichofuata. Chupa ilipasuka ikanimwagia mpaka dari, na mlio ukamleta Mama Mutheu mbio akiwa na mwiko mkononi.

Mama Mutheu ni jirani wa mlango wa pili, Mkamba wa Kibwezi, amekaa Voi miaka mingi kuliko mimi niliyeteremka kutoka milimani. Alinikuta nimeketi sakafuni, nywele zinanuka siki, godoro lenye madoa mbele yangu. Hakukuwa na la kuficha. Alitazama godoro, akanitazama, akaketi nami.

"Mama Saru," akasema, "hii ni ya mama yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilijua kitambo. Sote tulijua. Tulikuwa tunangoja uilete nje tukusaidie kubeba."

Sijui kama kuna maneno yaliyonichoma zaidi mwaka huu. Mwaka mzima nimeshusha pazia, kumbe nilikuwa najifungia mwenyewe.

Kumbe tena Mama Mutheu alifanya kazi ya usafi miaka tisa kwenye loji moja huko mbugani. "Wageni nao hukojoa kitandani," akaniambia, "na wamelipa. Wewe ulidhani nani anasafisha?" Akanieleza mambo ambayo mama wa kwenye video hakuyasema. Vinega na soda ukivichanganya vinamalizana vyenyewe, povu ni kelele tu, kinachobaki ni maji ya chumvi. Kimoja kitangulie. Vinega iliyopunguzwa na maji, unapuliza, unaacha ikauke kabisa. Halafu ndipo soda, kavu, unaipaka kama unga wa kusukumia chapati, unaiacha nusu siku inywe harufu, unakung'uta kwa brashi. Na jua. "Bila jua unacheza."

Jana nimefanya hivyo. Jua tu ndilo sikulitii. Nililitoa godoro nyuma, kule kwenye ukuta wa choo, ambako haonekani mtu ila anayekwenda haja.

Madoa yamefifia. Nilipoanza sikuweza kuacha. Birika lililokuwa na ukoko mweupe wa maji yetu ya chumvi nimelichemshia vinega, limekuwa jipya. Sinki, mabomba, choo. Sufuria ya alumini nikaisugua kwa soda ikawa nyeusi, hiyo nayo kumbe haipendi. Sakafu ya chumba cha Mama nimeisugua nikiwa nimepiga magoti, kona hadi kona, mpaka saruji ikabadilika rangi.

Pakiti ya mwisho ya soda haikuisha. Nimeiweka kabatini, nusu.

Nimeingia chumba cha Mama mara nne tangu asubuhi. Siamini tena pua yangu. Nimemwita Mama Mutheu aje anuse kwa niaba yangu. Amesimama mlangoni, amevuta pumzi, amesema nyumba inanuka kachumbari.

Gari limesimama njiani. La, ni la maji.

Saa moja jioni.

Walifika saa sita na nusu.

Nilikuwa nimepanga uso wa kumpokea nao Mghoi, mgumu kiasi, wenye heshima. Uso ule ulinitoka nilipomwona. Amekonda. Macho yameingia ndani na vidole vimepasukapasuka kwenye viungo, vidole vya sabuni, navijua. Tukamwinua Mama kutoka kwenye gari, mimi upande mzima yeye upande uliolemaa, na hatukusalimiana mpaka alipokaa.

Mama alitazama huku na huku. "Mnapika achari?" akauliza.

Akacheka kwa nusu ya mdomo. Mimi nilitaka kucheka, nikamwangalia Mghoi kwanza, kama mtoto anayengoja ruhusa.

Mghoi alikwenda chumbani moja kwa moja. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Alifungua shuka, akainama kichwani, akavuta pumzi. Akainama katikati. Akazunguka upande wa miguuni akainama pale pia, akakaa kidogo zaidi kuliko kule kwingine.

Akainuka. "Ni safi, dada," akasema.

Dada. Miezi minane sijaitwa hivyo.

Nilikuwa nimepika kimanga, chakula anachokipenda Mama kuliko vyote, maharagwe na muhogo vimepondwa pamoja. Mama alikula vizuri. Mghoi alisinzia mezani, kijiko mkononi, kichwa kimelalia ukuta. Nilimwacha. Nilitaka kumfunika kanga na sikumfunika, nikaondoa vyombo taratibu.

Saa nane Mama alipokuwa amelala, nikaisikia. Safari hii pua yangu ilifanya kazi. Nilijua kabla sijagusa shuka. Siku tatu za kusugua, na Mama alikuwa amelala saa moja tu.

Mghoi naye alikuwa ameshaamka. Tulimtoa Mama, tukamwosha, tukambadilisha, tukamketisha kwenye kiti chenye mikono karibu na mlango wa mbele apate upepo. Hakutuangalia. Alikuwa anatazama nje na mkono wake mzima unakunja ncha ya kanga, unakunja, unakunjua.

Tukashika godoro, yeye huku mimi kule. Mghoi akageuka kuelekea mlango wa nyuma bila kuuliza.

"Kwangu naanika nyuma ya zizi," akasema kwa sauti ya chini, "mama mkwe asione."

Nikasimama. Godoro likavutika kati yetu. Huyu aliyeniaibisha mbele ya mitungi yote, miezi minane amekuwa akizunguka nyuma ya zizi na godoro kichwani.

"Mbele," nikasema.

"Mbele wapi?"

"Uani. Kwenye jua."

Tulipita nalo mlangoni kwa shida, tukampita Mama, tukalilaza juu ya viti viwili na pipa, mahali ambapo kila mtu wa plot hupita. Sitasema sikuona haya. Niliona, mgongo mzima uliwaka. Mama Mutheu alikuwa kwenye kibaraza chake anachambua ndengu. Akainua macho, akasema, "Upande wa maji ugeuzieni jua," akarudi kwenye ndengu zake. Basi. Hakuna aliyetoka kushangaa.

Mghoi alichukua vinega na ile nusu pakiti ya soda, akataka kumwaga vyote pamoja. Kumbe naye ameona video ile ile. Nikamshika mkono. "Kimoja kwanza," nikamwambia, na sikuuachia mkono wake mara moja, wala yeye hakuuvuta.

Vinega ilipokauka nikampa soda. Kabla ya kupaka pale palipolowa, alikwenda kwanza kwenye kona ya miguuni, akainyunyiza sana, akasambaza kwa kiganja. Mimi nilijifanya natafuta brashi.

Mama alikuwa anatutazama kutoka mlangoni.

"Nyumba mmeisugua," akasema. "Nyinyi bado. Nileteeni maji kwenye kikombe."

Nilijua anachotaka kabla sijafika kwenye mtungi. Wazee wetu wa Taita hawakukubali hasira ilale moyoni. Walisema inageuka ugonjwa, nao haumshiki mwenye hasira, unakwenda kumpata mtoto au mbuzi asiyekuwa na habari. Kwa hivyo mtu alijaza kinywa, kwa pombe ya miwa au kwa maji, akapuliza nje, akataja kinachomkera na akawaombea wenzake mema. Hiyo ni kutasa. Baba alikuwa akituita uani tukigombana, mimi na Mghoi, na ilikuwa lazima. Mchungaji hapendi. Mama hujibu kwamba Mungu naye anajua Kidawida, lugha yetu.

Alianza yeye. Nusu ya maji ilimtiririka kidevuni, nusu ikafika sakafuni, kwenye saruji yangu. "Nilikasirika," akasema, "kwamba mlizungumza juu yangu uani na mimi nilikuwa ndani nasikia. Nyote wawili. Imetoka. Mlale salama, mzae, mle."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliwaza hilo. Miezi minane tumehesabu nani alimwaibisha nani, na mwenye godoro hatukumhesabu.

Nikachukua kikombe. Nikapuliza. Nikasema nilimkasirikia Mghoi kwa kunisema mbele ya watu, na nilimkasirikia zaidi kwa sababu alisema kweli. Mghoi akapuliza, akasema alinikasirikia kwa kutomwita, kwamba kila alipopiga simu nilimwambia Mama yuko sawa, mwaka mzima sawa, sawa, kana kwamba Mama ni wangu peke yangu. Halafu akalia wazi, na mimi nikalia.

"Zimeisha?" Mama akauliza.

"Zimeisha," tukajibu pamoja.

Sasa Mama amelala kwenye kitanda changu. Mghoi yuko jikoni anapasha kimanga, ataondoka kesho baada ya kanisa, na Mama atabaki hapa. Imeamuliwa bila mtu kusema. Nimepata nilichokitaka na siwezi kukaa kwenye kiti. Nimesimama, nimekaa, nimekwenda kugusa godoro, limekauka, nimerudi.

Zangu hazikuisha.

Jioni ile Mghoi alipomchukua Mama, majirani walipoingia kwao, nilioga, nikapanda kitandani jua halijazama, nikalala mpaka asubuhi. Niliamka nikiwa na furaha. Si aibu wala hasira, ni furaha, nyumba imenyamaza na hakuna shuka la kufua. Hasira niliitafuta baadaye, ili niwe na kitu cha kubeba mahali pa ile furaha.

Na jana, nilipokuwa nalipaka godoro soda, nilifika kona ya miguuni na nikaacha. Soda ilikuwepo, nusu pakiti. Nilisimama hapo na kiganja changu cheupe, nikawaza: Mghoi akiinusa kona hii, ataondoka naye. Nikafunga pakiti nikaitia kabatini. Halafu nikarudi mara nne asubuhi nikiomba asisikie.

Nilimtaka Mama. Nilitaka pia kulala. Sijui ni kipi kilikuwa na nguvu zaidi na nimechoka kujiuliza.

Lakini Mghoi aliinama pale pale. Alikaa kidogo. Ana pua ya paka, huyu, tangu utoto. Alisikia, na akaniambia ni safi. Naye alitaka kulala.

Kwa hivyo sisi wawili tulisimama mbele ya Mama na maji mdomoni, tukayatema yote, na kila mmoja akabaki na jambo lake chini ya ulimi. Na Mama ndiye atakayeamkia kwenye godoro hilo.

Maji aliyopuliza yamekauka sakafuni, yameacha alama nyeupe ya chumvi, ndivyo maji yetu yalivyo. Vinega ipo. Nimeitazama alama ile na sijaigusa.

Kesho kabla ya kanisa nitamwamsha Mghoi mapema. Nitajaza maji vikombe viwili, chake na changu.